Nauli ya Kwenda Msituni

Jioni moja mwezi wa sita nilikuwa barazani nachambua mchele, mlima umejifunika mawingu kama ilivyo kawaida ya majira haya, binti wa kaka yangu akaingia getini. Akanisalimia, akavuta kigoda, akaingiza mikono kwenye ungo bila kuambiwa.

"Umeshapata fildi?" nikamuuliza.

"Nimepata mbili, shangazi. Ya msituni nimeikataa."

Nikaacha kuchambua. Huyu ni binti ambaye toka yuko darasa la nne ukimpa jani atalikunja, atalinusa, na mara nyingi atakutajia mti lilikotoka. Sasa yuko mwaka wa pili wa shahada ya misitu, na fildi ndiyo mafunzo yake ya vitendo. Kama kuna mtu katika ukoo wetu ambaye nilitegemea kumwona amevaa gambuti amesimama kwenye tope la Kilimanjaro na daftari mkononi, ni yeye.

Akanionyesha barua. Mradi mmoja wa utafiti ulikuwa umemkubali kwa wiki nane kwenye msitu wa upande wa kusini wa mlima. Barua nzuri, ina muhuri, ina lugha ya heshima, na juu kidogo ya sahihi kuna sentensi moja: mwanafunzi atajigharamia nauli, chakula, malazi na vifaa. Nyuma ya daftari lake alikuwa ameshapiga hesabu. Daladala mpaka kituo cha mwisho. Bodaboda kutoka hapo mpaka getini, kwenda na kurudi. Gambuti na koti la mvua, hata kama ni za mtumba pale Memorial. Chakula cha mchana. Jumla yake ilikuwa kubwa kuliko anachobakiwa nacho kaka yangu baada ya kuuza kahawa na kulipa madeni ya msimu.

Fildi ya pili ni ofisi ya mjini. Atakwenda kwa miguu kutoka nyumbani. Atapanga mafaili.

Kisha akanionyesha simu. Alikuwa amekutana na matangazo ya kwenda kufanya kazi kama ileile kwenye misitu ya mvua ya Amerika ya Kusini na Asia: kupima miti, kufunga kamera za kunasa picha za wanyama, kuhesabu vyura usiku. Bei imeandikwa kwa wiki, kwa dola, na anayelipa ni yule anayekwenda kufanya kazi.

"Shangazi, hawa wanalipa ili wapime miti?"

"Ndiyo, wanalipa."

"Na mimi nimeshindwa kuipima kwa ajili ya nauli."

Alisema bila kulalamika, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Ni wiki nyingi sasa, na maneno yale bado yananikaa kifuani.

## Kazi yenyewe

Kabla sijaingia kwenye ualimu nilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye msitu huohuo. Kwa hiyo najua alichokosa, na ningependa wasomaji ambao hawajawahi kuingia kule wakione.

Kupima mti si kuzungusha tepi tu. Mnafika asubuhi kwenye ploti, yaani kipande cha msitu kilichotengwa kwa vipimo, nguo zimeshalowa kwa sababu majani yote ya njiani yana maji. Mmoja ana tepi ya kipenyo, mmoja anaandika, na anaandika kwa penseli maana wino unatiririka. Tepi inawekwa mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Kabla ya kuizungusha unapangusa gome, kwa sababu mimea midogo inayoota juu yake ni minene, na usipoiondoa mti utaonekana umenenepa wakati haujanenepa. Mti ukiwa na mizizi iliyotanuka kama kuta, unapanda mpaka pale shina linapokuwa duara, unapima hapo, na unaandika umepimia kimo gani ili atakayekuja baada yako asipime mahali pengine. Unasoma namba kwa sauti. Anayeandika anairudia kwa sauti. Unatafuta kibati chenye namba ya mti, na kama gome limeanza kukimeza unakilegezea msumari taratibu.

Yote hayo ni kwa ajili ya milimita. Mti wa msitu wa mlimani unaweza kuongezeka milimita chache tu kwa mwaka mzima, na tepi ikikaa mshazari umeshaufuta ule mwaka.

Ndiyo maana thamani ya kazi hii iko kwenye kurudi. Kipimo kimoja cha mti mmoja hakikuambii kitu. Kule Panama, kwenye kisiwa cha Barro Colorado, kuna ploti ya hekta 50 iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila shina lenye unene wa kuanzia sentimita 1 lilipimwa, zaidi ya mashina 200,000 ya spishi kama 300, halafu wakarudi kupima tena, na tena, kila baada ya miaka mitano hivi. Mengi ambayo dunia inayafahamu kuhusu jinsi miti ya msitu wa mvua inavyozaliwa, inavyoshindana na inavyokufa yametoka kwenye kurudi huko.

Kilimanjaro nayo imepata wanaorudi. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, amekuwa akiupanda mlima huu kwa miongo kadhaa, na mwaka 2016 yeye na wenzake walitangaza kwamba kwenye bonde la Mrusungu kuna mti wa aina ya Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili ya Afrika uliowahi kupimwa barani. Kuanzia 2010 kulikuwa na mradi mkubwa uliopanga ploti toka nyika za chini mpaka karibu na kileleni, ukapima mimea, wadudu, ndege, udongo na kazi ya binadamu kwa pamoja, na matokeo yake yakatoka kwenye jarida la Nature mwaka 2019.

Nafurahia kazi hizo. Baadhi ya vijana wa huku walijifunza mengi humo.

Lakini kumbukeni pia mwaka 2001, ilipobidi ndege iruke juu ya msitu ndipo ijulikane kwa hesabu kwamba maelfu ya miti imekatwa kwa wizi, ikiwemo mikamfa mingi, mti ambao wazee wengi wa vihambani wanauita mseri. Sisi tuliokulia jirani na nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji, tulikuwa tukisikia msumeno. Hatukuwa na daftari la kuandika.

## Hasira

Nikiri kwamba siku za mwanzo hasira yangu ilikwenda kwa wageni.

Ukiishi Moshi huwezi kuwakwepa mavolontia. Unawakuta stendi na mabegi yao, unawakuta kwenye migahawa ya mjini wakiandika shajara. Wengi wanafundisha shule au wanakaa na watoto, wachache wanakwenda msituni. Nilianza kuwahesabia makosa hata yasiyo yao. Nikawaza: mtu amelipa nauli ya ndege mpaka KIA, amelipa kibali cha ukaazi cha daraja C, amelipa chakula na kitanda, anakwenda kushika tepi ambayo binti yetu alitakiwa kuishika. Na mtafiti anayemchukua naye amepita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, amepita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, amepita kwa wenye hifadhi, ameeleza kila kitu kuhusu vyura na popo, na pengine katika karatasi zote hizo hakuna mstari unaouliza mwanafunzi wa Kitanzania atakula nini mchana.

Nilipanda Kibosho nikiwa bado na hasira hiyo, kumwona mzee aliyetufundisha miti enzi zile.

## Mzee wa panga

Kila ploti niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na mtu kama yeye. Kwenye karatasi za malipo anaandikwa "msaidizi wa njia" au "kibarua". Anatangulia na panga, anafungua njia, anabeba maji, na kwa kweli ndiye anayejua msitu. Mti ukiwa na matawi mita 30 juu huwezi kuona jani. Yeye anakwangua gome kwa ncha ya panga, kidogo tu, pasipo kuuumiza mti, ananusa, anaangalia rangi ya utomvu, anaokota jani lililoanguka, analigeuza. Jani la mseri upande wa chini limepauka. Gome lake lina harufu ya kamfa ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Jina la kisayansi, Ocotea usambarensis, tulilijaza sisi jioni kutoka kwenye kitabu, lakini mti wenyewe alikuwa ameshautambua yeye.

Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Akanikaribisha, mama akaleta machalari, tukala kwanza. Nikamweleza habari ya binti, na ya wageni.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, bati hili unaloliona walilipia hao vijana wa kizungu. Na mdogo wako wa mwisho amemaliza kidato cha nne kwa kazi yao. Usiwaseme vibaya mbele yangu."

Nikanyamaza.

"Mimi kinachonichosha ni kingine. Kila msimu naanza upya. Huu ni mseri. Huu ni mseri. Wanaandika, wanaelewa vizuri kabisa, wanaondoka. Msimu ujao wengine. Huu ni mseri. Hata wanafunzi wetu wa vyuoni, akija mmoja anakaa siku chache, nauli inamwishia, harudi. Nimefundisha watu wengi na sina hata mmoja wa kumwachia."

Nilishuka Moshi kwa daladala ya jioni, nimebanwa dirishani, na njia nzima nilikuwa nayageuza maneno yale. Hasira yangu haikwisha, ila ilihama. Mgeni anayelipa hajamfukuza binti yetu msituni. Mara nyingi pesa yake ndiyo inayomlipa mzee, ndiyo inayonunua tepi na betri za kamera. Pengo liko kwingine: hakuna aliyejipanga kuhakikisha kwamba katika kila kundi linaloingia, yuko mmoja wa huku anayeweza kumudu kubaki.

## Gombe, 1975

Kuna jambo la historia ambalo nadhani kila anayeendesha utafiti wa msitu hapa nchini angelikumbuka asubuhi kabla ya kupanga bajeti.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakaingia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti wa sokwe. Hatimaye wote waliachiwa, lakini watafiti wa kigeni hawakuweza tena kukaa pale kama mwanzo. Jane Goodall alikuwa ameanza kazi ile Julai 1960. Miaka 15 ya kumbukumbu ingeweza kukatika palepale.

Haikukatika. Watanzania waliokuwa wameajiriwa kama wasaidizi, akiwemo Hilali Matama, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku milimani, kuandika nani yuko na nani, amekula nini, amelala wapi. Wengi wao walitoka vijiji vya jirani. Leo watafiti wanapojivunia kwamba Gombe ina mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini, miaka ile baada ya 1975 ilishikiliwa na watu waliokuwa na mshahara, waliofundishwa, na waliokuwa na nyumba zao karibu.

Gombe si msitu wa mvua kama wetu, najua. Ila mantiki ni ileile. Mgeni ataondoka: atamaliza likizo, atamaliza shahada, vita itazuka, ugonjwa utafunga viwanja vya ndege kama tulivyoona 2020. Mti hautasubiri. Utaendelea kuongezeka milimita zake au utaanguka, na swali ni nani atakuwepo kuandika.

## Viwavi vya Guanacaste

Baada ya hapo nikawa nasoma usiku jinsi wengine walivyofanya, na kuna mahali pamenishika mpaka nikachelewa kulala.

Kaskazini magharibi mwa Kosta Rika, katika eneo la hifadhi la Guanacaste, wanabiolojia Daniel Janzen na mkewe Winnie Hallwachs walikuwa wakifuga viwavi ili kujua kila kiwavi kinakula mmea gani na kinageuka kipepeo au nondo gani. Kazi isiyo na mwisho. Mwaka 1989 yakaanza mafunzo ya kuwachukua watu wa vijijini, wafanyakazi wa mashambani, akina mama wa nyumbani, wengine hawakuvuka shule ya msingi, wakafundishwa kwa miezi kadhaa na wakaajiriwa kabisa kuwa wakusanyaji na watambuzi wa viumbe. Kwa mshahara. Karibu na kwao.

Matokeo yake nitayaeleza kwa mfano mmoja. Kulikuwa na kipepeo aliyejulikana kwa jina la Astraptes fulgerator tangu karne ya 18, akihesabiwa kuwa spishi moja iliyosambaa kutoka kusini mwa Marekani mpaka Ajentina. Kule Guanacaste walikuwa wameshalea viwavi vyake zaidi ya 2,500 na kuandika kila kimoja: kilikuwa na rangi gani, kilikutwa kwenye mmea upi. Vipepeo wakubwa walifanana karibu kabisa, lakini viwavi havikufanana, wala havikula majani mamoja. Vipimo vya vinasaba vilipofanyika, mwaka 2004 ikachapishwa kwamba katika eneo lile dogo peke yake yule kipepeo mmoja ni spishi 10.

Mashine ya vinasaba haikuanza kutoka sifuri. Tofauti nyingi zilikuwa zimeshaandikwa kwenye madaftari, na watu waliokuwa na muda wa kukaa na kiwavi mpaka kigeuke.

Niliposoma hayo nilimfikiria mzee wa Kibosho na mseri wake. Nikamfikiria na binti, ambaye sasa ameshaanza kupanga mafaili.

## Shaka zangu

Nisingependa kuandika kana kwamba jambo ni rahisi. Kuna mawili yaliyonisumbua, na moja bado linanisumbua.

La kwanza ni hili: tukisema kila mradi umlipe mwanafunzi wa fildi, miradi midogo itafunga mlango. Namfahamu kijana wa shahada ya uzamili aliyekuwa akifuatilia perere, yule mnyama mdogo anayelia usiku juu ya miti mpaka mgeni adhani ni jini. Kijana alikuwa akijilipia mafuta ya pikipiki kutoka mfukoni mwake. Wanafunzi wawili wa fildi walimfuata, hakuwa na senti ya kuwapa, na wakajifunza kwake kuliko wangejifunza ofisini. Ukimwekea sharti la posho, unamwondolea wasaidizi na unawaondolea wale wawili mwalimu. Kwa hiyo nimeacha kudai sharti moja kwa wote. Ninachodai ni kwamba mradi wenye magari, wenye fedha za nje, wenye mstari wa bajeti kwa ajili ya mkutano wa Ulaya, uwe pia na mstari wa nauli ya daladala na sahani ya wali maharage. Kwa mradi wa namna hiyo, nauli ya mwanafunzi mmoja kwa msimu mzima haifiki bei ya kamera chache.

La pili ni zito zaidi. Je, ni haki kumsukuma mtoto wa mkulima kwenye uhifadhi? Ajira ni chache. Nawajua wahitimu, wapo Moshi na wapo Arusha, waliojitolea msituni mwaka baada ya mwaka kwa ahadi ya "tutakuita", na sasa wanauza vocha. Walitumika. Kujitolea kulikokusudiwa kuwa mlango kukawa ndiyo kazi yenyewe, bila mshahara na bila mwisho. Nikiwa mkweli, kaka yangu alipoambiwa binti amekataa fildi ya msituni alisema, "Afadhali." Na sikuwa na neno la kumjibu kama mzazi.

Jibu nililonalo ni nusu. Fildi ina mwisho, wiki zinajulikana, na inastahili kuwezeshwa. Kujitolea kusiko na tarehe ya kuisha, kwa mhitimu mwenye cheti, nimeanza kukupinga waziwazi, hata kama anayekuomba ni mtu mwema mwenye nia njema kwa msitu. Mtu akifanya kazi ya kudumu alipwe.

Kuna wanaosema vijana wetu hawana moyo wa kujitolea kama wazungu. Hilo silikubali hata kidogo. Oktoba 2020 moto ulipowaka mlimani, tulikaa usiku tukiutazama kutoka huku chini kama mstari mwekundu, na waliopanda kuuzima walikuwa mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, wananchi wa vijiji vya jirani. Walipiga moto kwa matawi. Moyo upo. Tena ule ukanda wa nusu maili wenyewe, uliotengwa mwaka 1941 ili watu wa vihambani wapate kuni na mbao bila kugusa msitu wa juu, uliishi kwa kazi ya watu wa hapahapa kwa miaka mingi. Msitu ulipoingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, wengi wetu tulijikuta wageni mahali tulipookota kuni na mama zetu. Sina ugomvi na mpaka. Nimeona visiki vya mseri, naelewa kwa nini uliwekwa. Ila mtoto wa kijiji akikatazwa kuingia kuchuma majani ya ng'ombe, basi njia nyingine ya kuingia, ile ya daftari na tepi, isiwe ya mwenye pesa tu.

Maji tunayokunywa mjini na yale ya mifongo, mifereji yetu ya mashambani, yanatoka kule juu. Tumezoea kulilia barafu ya kileleni, na kweli kati ya 1912 na miaka ya 2000 imepungua kwa kama asilimia 85. Hemp ameandika kwamba kwa upande wa maji hasara kubwa zaidi inatokana na moto unaoteketeza misitu ya juu, ile inayokamata ukungu na kuudondosha ardhini. Kwa hiyo anayepima miti kule anapima na ndoo zetu.

## Majina

Nina rafiki aliyeniambia, "Nauli ni jambo dogo. Tatizo kubwa ni jina." Alimaanisha majina ya waandishi juu ya makala ya kisayansi, wakati watu kama mzee wetu wanaishia kwenye shukrani, tena kwa jina moja.

Nimelifikiri na nadhani ni jambo lilelile.

Mfano ni kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji kuzunguka Mlima Rungwe walisikia habari za kima wa miti asiyejulikana na sayansi. Wakamtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa duniani. Mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake (jenasi ni kundi la spishi za karibu), Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923. Jina la Kinyakyusa likabaki: kipunji. Na kwenye orodha ya waandishi wa makala hizo wamo Noah Mpunga na Sophy Machaga, Watanzania waliokuwa wakifanya kazi milimani humo.

Jina halidondoki kutoka mbinguni. Anayeandikwa ni yule aliyekuwepo msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, aliyeona tofauti ambayo mpita njia haioni. Kufika msimu wa tatu kunaanza na kumudu wiki ya kwanza. Ndiyo maana nang'ang'ana na nauli.

## Tulichoanza

Tuliowahi kufanya fildi kwenye misitu ya huku tuna kundi la simu ambalo kwa miaka lilikuwa la kupongezana harusi na kuchangiana misiba. Nililiandikia yale ya mzee, neno kwa neno. Usiku ule hawakulala, walijibu mpaka saa nane.

Tumekubaliana kuchanga kila mwezi, kila mtu kwa uwezo wake, kwa ajili ya nauli na chakula cha mwanafunzi mmoja wa fildi kwa msimu, anayetoka vijiji vinavyopakana na msitu. Mwenye kipaji cha miti apewe kipaumbele, awe wa kike au wa kiume, hata kama alama zake za darasani ni za kawaida. Akimaliza ataandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, amepima nini na ameona nini, na atausoma kwenye mkutano wa kijiji. Si utaratibu mkubwa. Kuna mwenzetu wa Arusha anafanya vivyo hivyo kwa ajili ya msitu wa Meru na ameomba tuwe na mfuko mmoja.

Tumeandikia pia miradi kadhaa. Mmoja umejibu kwamba bajeti ijayo itakuwa na posho ya chakula kwa wanafunzi wa fildi, na umetuomba tupendekeze kiasi. Mingine bado.

Kikao chetu kijacho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa, baada ya ibada. Tumepanga mwanafunzi wetu akae siku za mwanzo na mzee wa Kibosho, ajifunze miti kwake kabla ya kushika tepi, na hapo ndipo tumegawanyika. Wengine wanaona mzee afundishe bure kwa sababu ni wetu, na mwanafunzi ni wa kijiji chake. Mimi nitasema alipwe, kwa siku, kiwango kilekile anacholipwa akiwapeleka wageni, na jina lake liandikwe kamili kwenye ule ukurasa, sehemu ya mwalimu.